Kompyuta ya Ofisini Kuigeuza ya Gemu: Andika Bei ya Mwisho Kwanza

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisini za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Ndiyo maana wenzetu wa usafi na ujenzi hapa London wanaziona Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimerundikwa koridoni zikisubiri gari. Swali tunaloulizwa ni hili: nikiinunua hiyo, nikaongeza vitu viwili vitatu, si nimepata mashine ya gemu kwa bei ya bure?

Inawezekana, na wala si dhambi. Mtu aliyebeba zege siku sita ana haki ya kustarehe. Ila bei ya boksi siyo bei ya kompyuta.

Tupige hesabu. Tuseme boksi ni pauni 70, kadi ya picha iliyotumika 80, SSD 30, RAM ya kuongeza 25. Tayari ni pauni 205, na skrini bado. Kisha gemu inaganda kidogo, unaongeza ishirini leo, thelathini Ijumaa, na mwisho wa mwezi mama anaambiwa "subiri kidogo". Hapo ndipo tunapokataa.

Mtego wenyewe uko ndani ya boksi. Yale membamba ya ofisini yana pawa saplai ndogo, na mara nyingi ina umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kubandika yoyote ya dukani. Kadi lazima iwe fupi, na itumie umeme wa kwenye ubao tu, usiozidi wati 75, kama zile GTX 1650 fupi. Ukinunua kadi kubwa kwa kuwa ni rahisi, haitaingia. Utatafuta boksi jingine, pawa saplai nyingine, na hatimaye utakuwa umenunua kompyuta mpya kwa mafungu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, ushauri wetu ni huu:

1. Tuma nyumbani na weka akiba kwanza. Gemu ile kinachobaki.

2. Andika bei ya mwisho kabla ya kununua kipande cha kwanza. Ikifikia bei ya konsoli iliyotumika, nunua konsoli.

3. Kama ni ya Intel, tafuta kizazi cha 8 kwenda juu. Kwenye i5-8500, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi.

4. Anza na SSD na RAM. Hizo zinamfaa hata mtoto wa shule. Kadi ni ya mchezo tu, iwe ya mwisho.

5. Usikope kwa mipango ya chukua sasa, lipa baadaye.

6. Usiondoke na kompyuta ya ofisi bila ruhusa ya maandishi, hata kama iko jalalani. Kazi yako ina thamani kuliko boksi.

Ukiichoka, unaweza kumpelekea mdogo wako Nairobi au Dar es Salaam, plagi ya pini tatu ni ileile. Lakini ipelekwe ikiwa nzima na imejaribiwa, maana sheria ya Uingereza hairuhusu kusafirisha mbovu kwa jina la mtumba.

Starehe iliyopangiwa bajeti haimnyimi mtu usingizi. Isiyopangiwa, analipa aliyeko nyumbani.