Kabaidi haikomazi ndizi

Nimesoma hoja kwamba kukata mkungu mchanga si kosa, kwa kuwa kabaidi, kemikali ya kuivishia matunda, itamalizia kazi ya mgomba. Si kweli. Mnunuzi wa Gatongora aliyewahi kumenya ndizi ya manjano nje, ngumu na inayokakasa ulimi ndani, analijua hilo.

Kuiva si kazi ya gesi ya kabaidi tu. Tunda changa lina oksini nyingi, homoni ya ukuaji inayolikawiza kuiva. Tafiti za nyanya na zabibu zimeonyesha jinsi breki hiyo inavyolegezwa: vimeng'enya vya kundi la GH3 huifunga oksini kwenye asidi amino, hasa aspatiki, ikapoteza nguvu na kuelekea kuvunjwa. Kazi hiyo hutaka muda, na mkungu uliokatwa mchanga haujaupata.

Kabaidi ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini, gesi ya kuivisha ambayo tunda lenyewe huitoa, tena kwa udhaifu. Hugeuza rangi ya ganda upesi, lakini haiwezi kuongeza wanga ambao mgomba haukuwahi kuujaza, na sukari ya ndizi hutoka kwenye wanga huo. Isitoshe, kabaidi ya viwandani huwa na chembe za aseniki. Huo ndio mlo tunaowapa watoto?

Mkulima asubiri kingo za ndizi ziviringe, ndipo akate.