Darubini Ndogo kwa Msitu Mnene

Watu wengi wakiona darubini juu ya bunduki hudhani ya kuwa kazi yake ni moja tu, kuleta karibu kitu kilicho mbali. Basi wakifika dukani huuliza ile inayokuza zaidi, kama vile anunuaye ng'ombe aulizavyo aliye mnene kuliko wote. Katika nchi ya mbuga, ambako mnyama aonekana toka mita 300, hawakosi sana. Lakini katika msitu mnene darubini ya namna hiyo ni mzigo, na tena ni hatari. Leo twapenda kueleza sababu zake, na ili maneno yetu yasielee hewani tutachukua mahali pamoja panapojulikana kwa uwindaji wa msituni, ndipo jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani.

Huko msitu wafunika karibu sehemu 9 katika 10 za nchi. Mnyama awindwaye hasa ni kulungu mwenye mkia mweupe. Si kulungu wa misitu yetu, bali ni wa jamii nyingine; dume lake lina pembe zenye matawi, nalo huziangusha kila mwaka zikaota nyingine. Msimu wa bunduki ni mwezi wa Novemba, wakati miti mingi imekwisha kupukutisha majani, ila misonobari na jamaa zake imebaki kijani, nayo imesongamana hata mtu haoni hatua 40 mbele yake. Siku ni fupi, na mara kwa mara mvua ya baridi au theluji yaanguka. Kulungu hatoki uwanjani kujionyesha. Mwindaji huona sikio, au mguu, au mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama. Punde si punde haoni kitu tena. (Siku ya Jumapili bunduki hukaa ukutani, kwani sheria ya Maine yakataza kuwinda siku hiyo, na mwaka 2024 mahakama kuu ya jimbo ilikataa kuitangua.)

Sasa tufanye hesabu kidogo, wanafunzi hawatachukia. Darubini isiyokuza kitu, yaani ya mara 1, humwonyesha mtu upana wa mita 35 hivi pahali palipo mbali mita 100. Ile ya kukuza mara 4 yaonyesha mita 9 hivi, na ya mara 9 yaonyesha mita 4 na kidogo. Upana huo hupungua kadiri umbali unavyopungua. Basi kulungu akisimama mbali mita 20, mwenye darubini ya mara 1 aona upana wa mita 7, yaani mnyama mzima pamoja na miti iliyo mbele na nyuma yake. Mwenye ya mara 4 aona chini ya mita 2. Mwenye ya mara 9 aona sentimita 85 hivi, na kulungu mkubwa kwa urefu wake apita mita moja u nusu. Mtu huyo haoni kulungu, aona manyoya. Ni manyoya ya bega au ya tumbo? Hajui. Ainua kichwa atazame kwa macho, ainamisha tena, na huyo mnyama amekwenda zake.

Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wenye kuujua msitu huchagua darubini ya kukuza mara 2 na nusu isiyobadilika, au ile ibadilikayo toka mara 1 hata 4 au 6. Wazo hilo si jipya. Mwaka 1930 W. R. Weaver, fundi wa Marekani, alitoa darubini yake ya kwanza ya bunduki, iitwayo 330, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliiweza, nayo ilikuza karibu mara 3 tu. Ile ibadilikayo ina faida, lakini yataka adabu. Pete yake ikae daima kwenye namba ndogo. Mnyama aliye mbali mara nyingi humpa mtu nafasi ya kuizungusha. Aliye karibu hampi. Nayo darubini ya mara 1 ina jambo jingine jema, kwani mtu aweza kulenga akiwa amefumbua macho yote mawili, jicho moja katika darubini na la pili likiulinda msitu. Nyingine zina nukta nyekundu ya kuwaka katikati, iendeshwayo kwa betri, ili nyuzi nyeusi za kulengea zisipotee juu ya matawi meusi. Nukta hiyo yafaa kweli. Lakini nyuzi zenyewe ziwe nene za kutosha, kwani betri hufa katika baridi.

Wengine wataleta shaka juu ya mwanga. Wasema kioo kikubwa cha mbele hukusanya mwanga mwingi, basi kile kidogo kitakuwa gizani. Hapa tena hesabu itatusaidia. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza, nawe utapata upana wa duara la mwanga liingialo jichoni. Kioo cha milimita 20 kwa mara 2 na nusu chatoa milimita 8. Kioo cha milimita 40 kwa mara 9 chatoa pungufu ya milimita 4 na nusu. Nayo mboni ya kijana katika giza hufunguka milimita 7 hivi. Ya mzee hupungua. Basi alfajiri kile kidogo humpa jicho mwanga wote liwezao kuupokea. Tena kwa kuwa ni chembamba, darubini yake yaweza kufungwa chini kabisa, karibu na mtutu, hata shavu likilala juu ya mti wa bunduki jicho lakutana na kioo bila kutafuta.

Na wazee je, waliozoea alama za chuma? Hatuwadharau. Lakini kwa alama za chuma jicho lapaswa kuona vitu vitatu pamoja, alama ya nyuma, ya mbele, na mnyama. Na jicho lililopita miaka 45 halikubali tena. Darubini yaviweka vyote pahali pamoja. Nayo yaonyesha vijiti. Watu husema risasi nzito hupenya kichaka ikaendelea na njia yake. Si kweli, kila risasi ikigusa kijiti yaweza kupotoka. Kukuza kidogo, mara 2 au 3, kwamsaidia mtu kuona uwazi kati ya vijiti, au kuona kwamba uwazi haupo.

Jambo moja la ufundi, kabla hatujasahau. Kati ya kioo cha nyuma na jicho iwepo nafasi ya sentimita 9 hivi, kwani bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, ukingo wa chuma hupasua nyusi. Na mwenye Winchester ya mwaka 1894, bunduki ipendwayo sana katika misitu ile, aangalie imetengenezwa lini. Zile za kale zatupa ganda la risasi juu moja kwa moja, mahali darubini ingekaa. Toka mwaka 1982 tu ndipo walipoanza kuzitengeneza za kulitupa upande.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo tunalotaka kulisema sasa. Hakuna darubini ionayo nyuma ya jani. Mwezi wa Novemba mwaka 1988, katika mji mdogo wa Hermon huko Maine, mama mmoja mwenye watoto mapacha wachanga alitoka nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Mwindaji aliyekuwa msituni karibu na hapo alipiga risasi, na yule mama akafa. Mwindaji alisema aliona kulungu. Mwaka 1990 baraza la mahakama lilimwona hana hatia, na watu wa jimbo wakagawanyika kwa uchungu: wengine walimlaumu mama kwa glavu zake, kana kwamba mtu apaswa kuogopa rangi ya nguo zake nyumbani kwake. Sisi hatuoni jinsi lawama hiyo iwezavyo kusimama.

Mwaka 1991 Maine ilitunga sheria juu ya jambo hilo. Yadai ya kwamba mwindaji mwenye busara, kabla hajapiga, aone kichwa na kiwiliwili cha mnyama bila kizuizi. Weupe unaotikisika hautoshi, wala sauti ya majani. Tena katika msimu wa kulungu kila mwenye bunduki avae rangi ya chungwa kali, kofia na vazi la kifuani. Kulungu haitofautishi vizuri rangi hiyo na majani, lakini binadamu aiona toka mbali. Sasa turudie hesabu yetu ya mita 20. Nani awezaye kuona kichwa na kiwiliwili pamoja, yule mwenye upana wa mita 7 au yule mwenye sentimita 85?

Kuna tena kishawishi cha darubini kubwa. Mtu akiwa nayo huifanya jicho lake la kutazamia. Kila kitikisikacho huelekeza bunduki huko ili ajue ni nini. Mara nyingine ni mwenziwe. Kwa hiyo fedha ambayo mnunuzi angeitoa kwa ajili ya kioo kikubwa, na anunue kwayo darubini ya mikono ya kukuza mara 7 au 8, aivae shingoni ndani ya koti, mvua isiilowanishe. Aonapo kitu, bunduki ibaki imeelekea chini, ainue hiyo ya shingoni kwanza.