Duka la Watumishi: Faida Yake Hugawanywaje?

Mtu aondokaye Busia kwa barabara ya Kisumu hupita Mundika kabla hajachoka, na maduka ayaonayo njiani yote yamejengwa juu ya desturi moja. Mwenye duka hukaa penye sanduku la fedha. Mtumishi hupima sukari, hupanga rafu, hufagia na kufunga milango jioni. Mwisho wa mwezi mtumishi hupata mshahara wake, na mwisho wa mwaka mwenye duka hupata faida. Walakini hasara ikija huwaangukia wote wawili, maana duka likifungwa, mtumishi naye hana kazi.

Je, yawezekana wale wapimao sukari wawe ndio wenye duka? Yawezekana, na si jambo la kubuni. Katika Uingereza iko kampuni ya maduka makubwa iitwayo John Lewis, ambayo kwa muda wa karibu miaka mia imekuwa mali ya watu waifanyiao kazi. Wafaa kuichungua kwa makini mtu yeyote anayefikiri kuanzisha duka la shirika pamoja na wenzake, kwa mema yake na kwa shida zake pia.

Bwana John Lewis alifungua duka lake la nguo katika mtaa wa Oxford, London, mwaka 1864. Alikuwa mchuuzi hodari na mtu mgumu wa kutoa fedha. Mwanawe, John Spedan Lewis, alipoingia kazini na kufungua vitabu vya hesabu aliona jambo lililomkosesha raha: yeye, ndugu yake na baba yao, watu watatu tu, walipata kwa mwaka fedha nyingi kuliko mishahara ya watumishi wote wa duka ikijumlishwa pamoja. Mwaka 1909 alianguka kutoka juu ya farasi akaugua kwa muda mrefu, na katika kupona kwake alilifikiri sana jambo hilo. Mwaka 1914 baba yake alimkabidhi duka la pili la jamaa, liitwalo Peter Jones, ambalo halikuwa likiendelea vizuri. Huko alipunguza saa za kazi, akaunda kamati za watumishi, na mwaka 1920 akaanza kuwagawia sehemu ya faida. Baba yake alipofariki mwaka 1928, mali yote ilibaki mkononi mwake. Na mwaka uliofuata aliandika hati ya amana iliyoikabidhi biashara kwa wadhamini kwa ajili ya watumishi wote, wa siku zile na wa siku zijazo. Hati ya pili, ya mwaka 1950, ilikamilisha kazi hiyo.

Neno "amana" ndilo la kushika hapa. Watumishi wa kampuni hiyo hawana vipande vya hisa majumbani mwao. Hisa zote zimo mikononi mwa wadhamini. Kila aajiriwaye huwa mshirika tangu siku ya kuanza kazi, wala halipi kiingilio. Naye aachaye kazi haondoki na kipande cha duka. Kwa hiyo hakuna awezaye kuuza sehemu yake kwa tajiri apitaye njiani. Mwaka 1999 baadhi ya washirika walianza kusema kwamba ingefaa kampuni iuzwe na fedha zigawanywe, na kwa hakika kila mmoja angepata fungu nono. Lakini shauri lile halikufika mbali. Yule aliyeandika hati alikwisha kuutazama mbele mtego huo, kwamba kizazi kimoja kingeweza kula mti pamoja na matunda.

Uongozi wake nao una mpango wake. Mwenyekiti hushika usukani, na iko halmashauri ya wakurugenzi. Lakini pembeni yao kuna Baraza lililochaguliwa na washirika kwa kura, ambalo huchagua baadhi ya wakurugenzi hao, humwuliza mwenyekiti maswali, na lina uwezo wa kumwondoa. Haya si mapambo. Mwezi wa Mei 2023 Baraza hilo lilipiga kura kuonyesha kwamba halikuridhika na jinsi mwenyekiti, Sharon White, alivyoiongoza kampuni katika mwaka uliopita, ingawa lilikubali aendelee na mipango yake ya mbele. Katiba yao pia huweka mpaka kati ya mshahara wa mkubwa na mapato ya watu wa kawaida. Tena liko gazeti la kampuni lililoanzishwa mwaka 1918, ambamo mshirika aweza kuandika lawama bila kutaja jina lake, na mkubwa anayehusika hutakiwa kujibu mbele ya wote. Wako mabwana wengi wa maduka ambao wangekubali kugawa faida kabla ya kukubali barua za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye faida yenyewe. Mwaka ukiisha, kampuni hulipa kwanza wauzaji wa bidhaa, mishahara, kodi na riba za madeni. Kisha hutenga fedha za kutengeneza maduka na kulinda mtaji. Kile kibakicho ndicho hutolewa kuwa bonasi, nayo hupimwa kwa kiwango kimoja cha mshahara kwa watu wote, tangu mwenyekiti hata mpanga rafu. Mwaka 2008 kiwango kilikuwa asilimia 20, yaani zaidi ya mshahara wa miezi miwili.

Msomaji na alilete jambo hili Mundika kwa mfano wa kubuni. Duka la watu wanane limeuza kwa mwaka bidhaa za shilingi 10,000,000. Kununua bidhaa hizo kuligharimu 8,000,000, kodi ya nyumba, uchukuzi, leseni na vitu vilivyoharibika, 500,000, mishahara, 1,200,000. Imebaki 300,000. Washirika wamekubaliana kuweka akiba 180,000 na kugawa 120,000, ambayo ni asilimia 10 ya mishahara yote. Msimamizi apataye 20,000 kwa mwezi atachukua 24,000. Mfagizi apataye 10,000 atachukua 12,000.

Hapo mfagizi aweza kusema, "Kama sote ni wenye duka, mbona tusigawane sawasawa, kila mtu 15,000?" Hoja yake si ya kudharauliwa. Kiwango kimoja cha mshahara ni haki mbele ya kazi, ila humpa zaidi yule aliyekwisha kupewa zaidi. Katika kampuni ya makumi ya maelfu ya watu njia hiyo huepusha ugomvi. Katika duka la watu wanane wanaojuana kwa majina ya baba zao, huenda mgawo sawa ukaleta amani kubwa zaidi. La muhimu ni njia yenyewe iamuliwe kabla ya fedha kuonekana, kwa maana mezani penye noti hakuna shauri jema.

Lakini iko miaka ambayo hakuna cha kugawa. Kampuni ya John Lewis ilipata hasara ya pauni milioni 517 katika mwaka wa hesabu uliokwisha Januari 2021, wakati wa maradhi ya korona, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1953 haikutoa bonasi. Mwaka uliofuata ilitoa asilimia 3, kisha ikapata hasara tena. Zikafuata habari kwamba wakubwa walifikiri kuwauzia watu wa nje sehemu ya kampuni ili kupata mtaji, shauri lililozusha manung'uniko mengi na ambalo baadaye liliachwa. Mwezi wa Machi 2025 ilitangazwa kwamba faida imepanda kufika pauni milioni 126 kabla ya kodi na gharama zisizo za kawaida, na bado bonasi haikutolewa. Fedha zilielekezwa katika kuyatengeneza maduka na katika mishahara. Hebu mtu afikiri ugumu wa kumwambia mwenye duka kwamba duka lake limepata faida, naye asione senti ya bonasi! Asiyefunguliwa vitabu angesema ameibiwa. Aliyefunguliwa hunung'unika, lakini huelewa.

Kenya nayo imeona maduka makubwa yakianguka. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, ilifunga milango mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa kwa muda. Nakumatt, iliyokuwa mali ya jamaa moja hasa, ilifikia kikomo Januari 2020, pale wadai wake walipopiga kura ivunjwe. Moja ilikuwa ya mashirika, nyingine ya jamaa, na katika zote mbili watu wa rafu walipoteza kazi. Kuwa na watumishi wenye mali kusingetosha kulizuia deni. Ila mtumishi asiye mwenye mali aghalabu huijua hali ya duka siku rafu zinapokuwa tupu.

Mpakani hatari ni zaidi. Bidhaa za Busia na Malaba hufuata thamani ya shilingi mbili, ya Kenya na ya Uganda. Moja ikishuka, wanunuzi wote huvuka upande wa pili, na duka lililouza vizuri Jumatatu hukaa kimya Ijumaa. Duka lililogawa faida yake yote mwezi wa Desemba halitakuwa na cha kununulia bidhaa wakati huo. Zaidi ya hayo kuna daftari la mkopo, ambalo limeua maduka mengi kuliko wezi: ndugu wa mshirika mmoja akikopa unga, ni nani kati ya wenye duka wanane atakayemdai?

Kwa watu wa hali ya kawaida, njia iliyo karibu zaidi na ile ya Spedan Lewis ni chama cha ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya, ya mwaka 1997, ilitaka watu wasiopungua kumi kwa chama cha msingi, kila mwanachama kura moja, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na fungu la akiba liwepo. Tofauti ni kwamba mwanachama wa ushirika hununua hisa zake mwenyewe, na hivyo sharti ijulikane mapema akiondoka atarudishiwa nini na baada ya muda gani. Jambo hilo, pamoja na kiasi cha akiba, njia ya mgawo, siku ya kusoma hesabu mbele ya wote, na kama ndugu watakopeshwa au la, yaandikwe na kutiwa sahihi katika kikao cha kwanza, kabla halijanunuliwa gunia hata moja la sukari.