Mambo ya Nyumbani na ya Shule: Zizi la Babu

Wazazi na waalimu wapenzi, mwezi huu twataka kunena habari za ng'ombe wa zamani, na jinsi watoto wetu wa Handeni na Korogwe wawezavyo kuzitafuta wenyewe.

Siku moja tulikuwa katika shule moja ya upande wa Handeni, tukasikia mtoto wa mkulima akimwambia mwenziwe, mtoto wa mfugaji, "Ng'ombe wenu hawana kwao hapa." Yule wa pili akanyamaza. Ninyi mwajua ya kuwa neno kama hilo halianzi kinywani mwa mtoto. Tangu mwaka wa 2022 jamaa nyingi za wafugaji wamekuja Msomera kutoka Ngorongoro, na wengine walikuwapo katika wilaya hii kabla yao. Mkulima hulalamika kwamba mahindi yake yameliwa. Mfugaji hulalamika kwamba njia ya maji imelimwa. Mtoto huyasikia hayo jioni, na asubuhi huyasema shuleni.

Mwalimu wa darasa lile hakushika fimbo. Aliwaambia wote, "Nendeni mkawaulize wazee kama ni kweli." Siku ya tatu mtoto yule yule wa mkulima akarudi na habari. Bibi yake alikuwa amempeleka ng'ambo ya kijito, akamwonyesha mahali, akasema, "Hapa ndipo palipokuwa zizi la babu yake babu yako."

Bibi huyo hakukosea. Mwanahistoria mmoja wa Marekani, James Giblin, alikuja Handeni akaketi na wazee kama hao, akawauliza, akaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1992. Humo twasoma ya kuwa Wazigua wa zamani walikuwa na mifugo yao, ng'ombe pamoja nayo. Mbung'o walikuwapo, lakini watu walijua kukaa nao mbali: walifyeka vichaka, walichoma nyasi kwa majira yake, na mashamba yao yaliwazuia wanyama wa mwitu wasikaribie. Mbung'o hupenda kivuli cha kichaka, na damu ya nyati na ya nguruwe mwitu ni chakula chake. Palipo peupe, penye watu wengi, hapati raha.

Kisha ikaja miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe katika nchi zote hizi za Afrika Mashariki. Mwaka wa 1894 wakaja nzige, ikafuata njaa kali. Watu wengi walikufa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, wanyama wa mwitu wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao. Hata aliyebaki na ng'ombe wawili watatu aliwaona wakikonda na kufa kwa nagana. Basi ng'ombe waliondoshwa na maradhi na njaa. Mtoto akiyajua hayo, hawezi tena kusema kwamba ng'ombe hawana kwao hapa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, ng'ombe walirudishwa kwa namna nyingine. Pwani, kusini ya Pangani, kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya Mkwaja katika miaka ya 1950. Ilikuwa na maelfu ya ng'ombe, kati ya msitu na bahari, katika nchi yenye mbung'o; nao waliishi kwa kuchomwa dawa ya nagana mara kwa mara. Usiku waliingizwa mazizini kwa kuogopa simba. Ranchi hiyo ilifungwa mwaka wa 2000, na nchi yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Handeni nako, penye kilima cha Mzeri, Kampuni ya Ranchi za Taifa, iliyoundwa mwaka wa 1968, ilipata kuwa na ranchi. Wachunga na waogeshaji wa siku hizo sasa ni wazee. Kila mwaka wanapungua, na wanayoyajua hayakuandikwa mahali.

Kwa hiyo twawasihi: watumeni watoto sasa. Lakini msiwatume na swali moja kubwa, kama "Zamani palikuwaje?" maana mzee atajibu, "Palikuwa pazuri," na habari itakwisha. Mtoto aamkie kwa adabu, akae chini, aulize mambo madogo: Ng'ombe walilala wapi? Nani aliamka kwanza? Walinywa maji wapi wakati wa kiangazi? Ndama walitengwa kwa nini? Mbung'o walikuwa upande gani? Aandike jina la mzee, siku, na maneno kama yalivyosemwa. Wazee wawili wakihitilafiana, ayaandike ya wote wawili, asichague yanayompendeza. Kuuliza si ujinga.

Wakiisha kuuliza, wafanye kazi ya mikono, maana mkono hukumbuka yaliyosahauliwa na sikio. Wachukue udongo wa mfinyanzi, waukande vizuri, wafinyange ng'ombe wenye nundu na pembe, wawaanike kivulini siku kadha wasipasuke. Wajenge zizi kwa vijiti vya miiba, na ndani yake kizizi cha ndama. Wachimbe mfereji mwembamba uwe josho, wapitishe ng'ombe wao mmoja mmoja. Hapo mwalimu aeleze ya kuwa dawa ya josho huua kupe, na kupe huleta ndigana. Kibuyu cha maziwa nacho chaweza kutengenezwa: hukatwa mdomo, hujazwa maji hata nyama yake ioze, kisha hutikiswa na changarawe mpaka kitakate.

Watoto wa Korogwe wanao mkonge karibu. Wakwangue jani juu ya gogo kwa panga butu mpaka nyuzi zibaki, wazioshe, wazianike, kisha wazisokote pajani ziwe kamba ya kufungia ndama. Mkubwa awe pamoja nao, maana maji ya mkonge huwasha mwili, na ncha ya jani ni kali.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mwalimu achore kijiji chini mchangani: mto, nyumba, mashamba. Kisha amwite mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji waweke ng'ombe wale wa udongo pamoja, waonyeshe njia ya kwenda majini bila kukanyaga mahindi. Katika shule ile tuliyoitaja walibishana karibu saa nzima. Wa kwanza alivuta shamba lake nyuma kidogo. Wa pili akakubali kuzunguka kilima, ingawa ni mbali. Hatusemi kwamba ugomvi wa wakubwa utaisha kwa mchezo wa watoto. Lakini wale wawili waliondoka pale wakibeba zizi moja, huyu upande huu na huyu upande huu, lisivunjike.

Wataalamu walioitembelea Mkwaja baada ya ng'ombe kuondoka waliona ya kuwa pale palipokuwa mazizi, penye samadi ya miaka mingi, nyasi zake si kama za pembeni. Ardhi haikusahau. Basi mwezi huu, jioni moja, mtoto wako na akuulize, "Baba, zizi letu lilikuwa wapi?" Kama hujui, nendeni wote wawili kwa bibi.