Kingereza kilichosomwa Chiwanda kiaminiwe

Nafundisha Kingereza hapa Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, na kuna jambo linaniuma. Mwanafunzi wangu wa zamani alipopata nafasi chuo kimoja cha Uingereza, aliambiwa athibitishe kwanza kuwa anajua Kingereza. Huyu ni mtoto aliyesoma jiografia na baiolojia kwa Kingereza tangu kidato cha kwanza hadi cha sita! Mama yake aliuza usipa mkavu (dagaa wa ziwa letu), gunia baada ya gunia, kijana akapanda basi Mbamba Bay, akapita Mbinga na Songea hadi Dar es Salaam kufanya mtihani wa Kingereza wa IELTS. Matokeo ya mtihani huo hutambuliwa kwa miaka miwili tu. Ufadhili wa masomo ukichelewa kupita hapo, analipia mtihani upya.

Mwalimu Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada yake. Uwezo wetu wa kusoma kwa Kingereza si habari mpya.

Vipo vyuo vinavyokubali barua ya shule kwamba masomo yalifundishwa kwa Kingereza. Wizara ya Elimu izungumze na vingine ili navyo vikubali. Nanyi wazazi wa mwambao, kabla hamjauza chochote, mwambieni kijana akiandikie chuo aulize kama barua hiyo inatosha.