MICHEZO YA WIZI NI MRIJA MPYA

Biashara ya nakala za wizi za michezo ya kompyuta imezoeleka mno katika miji yetu, hata watu wengi hawaioni tena kuwa ni wizi. Mtu huenda dukani, au penye meza ya kando ya barabara, akatoa flashi yake, akajaziwa michezo mitatu minne kwa shilingi elfu chache, kisha akarudi nyumbani akidhani amepata faida. Muuzaji hana idhini ya kuuza, mnunuzi hapati stakabadhi, na aliyeutengeneza mchezo hapati hata senti moja. Gazeti hili laona kuwa yafaa jambo hili lisemwe waziwazi mbele ya wanachama na wafanyakazi, kwa kuwa hasara yake haimwangukii kwanza tajiri wa ng'ambo. Yamwangukia mnunuzi mwenyewe, na baada yake jamaa zake, kazi yake na nchi yake.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wanaonunua. Twajua bei ilivyo. Mchezo mpya wa kampuni kubwa huuzwa dola 70 za Marekani. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025, na hata baada ya nyongeza hiyo mchezo mmoja tu ungemeza yapata theluthi moja ya mshahara. Hakuna mtu mwenye akili atakayemshauri mfanyakazi mwenye kodi ya nyumba na karo ya watoto kufanya matumizi ya namna hiyo. Walakini ukali wa bei ya samaki mzima haumfanyi samaki aliyeoza kuwa chakula. Swali la mfanyakazi lisiwe bei tu. Na liwe hili: kitu hiki ninachouziwa ni kitu gani, na nani anafaidika nacho?

Kwanza tueleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mchezo halali una kufuli lake, yaani sehemu ya programu inayohakikisha kuwa mtu ameununua. Mwizi hawezi kuuza nakala mpaka alivunje kufuli hilo, na ili alivunje hana budi kuingiza mkono wake ndani ya programu na kuibadilisha. Mkono uliobadilisha kufuli waweza pia kuacha kitu kingine humo ndani, wala mnunuzi hana njia nyepesi ya kujua. Tena mara nyingi muuzaji humwagiza mteja wake azime ulinzi wa kompyuta kabla ya kuuweka mchezo, ati ulinzi huo unasumbua. Huyu ni sawa na fundi anayekutaka umfukuze mlinzi wa usiku kwanza, ndipo aje kukutengenezea mlango.

Ushahidi upo. Mwezi wa Juni 2021, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Avast, yenye asili yake katika Jamhuri ya Cheki, ilitangaza habari za kirusi kilichopewa jina la Crackonosh. Kirusi hicho kilikuwa kimefichwa ndani ya nakala za wizi za michezo inayopendwa sana, kama vile Grand Theft Auto V, NBA 2K19, Far Cry 5 na Pro Evolution Soccer 2018. Kompyuta zaidi ya 222,000 zilikuwa zimeambukizwa, nyingi zikiwa katika nchi kama Ufilipino, Brazil na India. Kirusi kiliiwasha kompyuta katika hali ambayo ulinzi wake haufanyi kazi, kikaufuta ulinzi huo, kikazuia na marekebisho ya usalama yasiingie tena. Baada ya hapo kiliitumia kompyuta ya mtu kuchimba sarafu za mtandaoni ziitwazo Monero kwa ajili ya watu asiowajua. Kwa hesabu ya Avast, watu hao walijipatia zaidi ya dola 2,000,000 tangu mwaka 2018.

Wanachama wetu walioisoma historia ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hawahitaji kuelezwa sana maana ya habari hii. Nani aliyetoa jasho? Kijana wa Manila au wa São Paulo aliyenunua kompyuta kwa taabu na kuulipia umeme. Nani aliyevuna? Mtu aliyejificha, asiyelipa umeme wala kununua mashine. Huo ndio mrija. Kompyuta yenye kirusi cha namna hiyo hufanya kazi usiku na mchana hata mwenyewe akiwa hachezi. Huwa nzito, hupata joto, na maisha yake hufupika. Hapa kwetu, ambako umeme tunaununua kwa LUKU, yuniti zitakwisha mapema na jamaa wataanza kushutumiana nyumbani: nani kaacha pasi, nani kaacha taa? Hakuna atakayeikumbuka ile flashi ya shilingi elfu mbili.

Na huyo mchimba sarafu ni mwizi mpole kuliko wenzake. Wako wanaotega programu za kusoma maneno ya siri mtu anapoyaandika, na wako wanaofunga mafaili yote ya mtu na kudai fidia ndipo wayafungue. Katika nyumba nyingi kompyuta ni moja. Mtoto huchezea michezo, na mzazi hufungulia akaunti ya benki, huandikia barua za kazi na kuhifadhia picha na vyeti. Mlango ukifunguliwa kwa ajili ya mchezo, umefunguliwa kwa ajili ya vyote hivyo.

Hatari huwa kubwa zaidi flashi hiyo inapoingia kazini. Yako mazoea mabaya ya kuweka michezo katika kompyuta za ofisi ili kupitisha saa ya chakula. Kompyuta hiyo huenda ndiyo yenye daftari la wanachama wa chama cha ushirika, hesabu za akiba na mikopo ya wafanyakazi, au orodha ya wagonjwa wa zahanati. Dunia ilipata funzo kali mwezi wa Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga kazi katika hospitali nyingi za Uingereza. Kirusi hicho hakikutokana na michezo, bali kilizipata kompyuta ambazo hazikuwa zimepokea marekebisho ya usalama yaliyotolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Na kuyazuia marekebisho hayo ndiyo kazi iliyofanywa na Crackonosh ndani ya michezo ya wizi. Mtumishi anayeleta nakala kama hiyo ofisini anachezea dhamana aliyokabidhiwa na umma, wala hatuwezi kuliita jambo hilo burudani.

Wazazi nao wana neno lao. Sanduku la mchezo halali huwa na alama ya umri. Alama za PEGI za Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2003, humwonyesha mzazi kama mchezo unafaa kwa mtoto wa miaka 3, 7, 12 au 16, au kama ni wa mtu mzima wa miaka 18. Grand Theft Auto V ni wa miaka 18. Katika flashi alama hiyo hupotea. Linabaki jina la faili tu, na mtoto wa miaka tisa hupewa mauaji na matusi ya watu wazima huku mzazi akidhani ni mashindano ya magari.

Sasa tuijibu hoja inayosikika sana vijiweni. Yasemwa kwamba makampuni yenye michezo hii ni ya mabepari wa Marekani, Japan na Ulaya, na kwa hiyo kuwaibia si kosa. Hoja hii ina sura ya siasa yetu lakini haina moyo wake. Chama hiki kilifundisha kwamba mtu ana haki ya jasho lake. Hakikufundisha kwamba unyonyaji wa mmoja unahalalisha wizi wa mwingine. Muuza nakala za wizi hamnyang'anyi tajiri ili ampe maskini. Anachukua kazi ya wengine, anaitia mfukoni mwake, na kumwachia maskini kirusi.

Tena tuliwahi kuionja sumu hii sisi wenyewe. Wanamuziki wetu na watengenezaji wetu wa filamu walilia miaka mingi kwa sababu ya kanda na santuri zao kurudufiwa na watu wasiojua hata mahali nyimbo hizo zilikopigwa. Tulisimama nao, na Bunge letu likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imekataza kutumia kompyuta kuvunja haki za wabunifu. Haiwezekani kuilinda kazi ya mpiga gitaa wa Temeke na papo hapo kuicheka kazi ya mtunga programu, kwa kuwa kesho mtunga programu huyo naye atatoka Temeke. Huko Yaoundé, Kamerun, vijana walifungua kampuni ya Kiro'o Games mwaka 2013, wakachangiwa na watu wengi, na mwaka 2016 wakatoa mchezo wao uitwao Aurion, uliojaa hadithi na sura za Kiafrika. Vijana wetu wanaweza kufanya kama hayo. Lakini nani atatumia miaka mitatu kutunga mchezo ambao utauzwa mezani siku ya pili, na yeye asipate hata nauli?

Basi tufanye nini? Kwanza, mfanyakazi asiye na fedha ya mchezo wa bei kubwa ajue kuwa iko michezo ya bure kwa idhini ya wenyewe. SuperTuxKart ya mashindano ya magari, na 0 A.D. ya vita vya kale, zimetolewa na watungaji wake ili mtu yeyote azitumie na kumpa mwenzake. Hizo nazo zichukuliwe kwa watungaji wenyewe, si penye meza ya barabarani. Diski halali iliyokwisha kutumika pia yaweza kununuliwa kwa bei ya chini. Pili, viongozi wa ofisi na wa vyama vya ushirika wapige marufuku flashi za michezo katika kompyuta zenye kumbukumbu za watu. Tatu, Ofisi ya Hakimiliki ianze na wauzaji wa jumla wanaojaza flashi za wauzaji wadogo, badala ya kumkimbiza kijana wa mezani tu. Nne, makampuni makubwa yakitaka wateja katika nchi zetu, yaweke bei inayolingana na mishahara ya nchi zetu. Haki hudaiwa pande zote mbili.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ndugu mwanachama, kabla hujatoa flashi yako mfukoni, kumbuka kwamba mashine iliyo nyumbani kwako umeinunua kwa jasho lako. Usimkabidhi ufunguo wake mtu usiyemjua kwa ajili ya mchezo wa jioni moja.