PUMZI NI AKIBA YA MWIMBAJI

Ndugu msomaji, mwezi huu sitazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Nitazungumza juu ya pumzi. Usishangae. Hapa kwetu Usukumani jembe na wimbo ni ndugu. Watu wakilima pamoja huimba. Wakimaliza kuvuna, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma.

Mimi ni mwimbaji wa kwaya ya kijiji. Mwaka juzi tuliimba siku ya Nane Nane. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa tatu tulikuwa tunahema. Maneno ya mwisho hayakusikika.

Tulipomaliza, bibi mmoja anayeongoza nyimbo za kulima aliniita. Akasema, "Bwana Shamba, unatufundisha kuweka akiba ya chakula. Mbona pumzi yako unaila yote siku ya mavuno?"

Watu walicheka. Lakini bibi alisema kweli.

Mtazame mtoto mchanga aliyelala. Tumbo lake linapanda na kushuka. Mabega yake yametulia. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Msuli huo ukishuka, mapafu hupata nafasi na hewa huingia nyingi. Tumbo husukumwa mbele. Sisi watu wazima tunapotaka kuimba kwa nguvu, tunainua mabega. Hapo hewa huingia kidogo tu, na shingo inakaza.

Fanya mazoezi haya kila siku kwa dakika 10. Usifanye ukiwa umeshiba sana.

1. Lala chali juu ya mkeka. Weka mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani. Vuta hewa polepole kwa pua. Mkono wa tumboni upande. Wa kifuani utulie. Rudia mara 10.

2. Simama wima, miguu iachane kidogo. Legeza mabega. Vuta hewa ukihesabu mpaka 4. Kisha itoe polepole kwa sauti ya "sss", kama nyoka, ukihesabu mpaka 8. Sauti isitetemeke. Ukizoea, fika 12, kisha 16. Usishindane na mwenzako. Shindana na hesabu yako ya jana.

3. Imba mstari mmoja wa wimbo kwa pumzi moja. Usisukume hewa yote kwenye neno la kwanza. Igawe, kama mama anavyogawa unga mpaka mavuno mengine.

4. Kubalianeni mahali pa kuvuta pumzi. Msikate neno katikati. Mstari ukiwa mrefu, jirani yako avute pumzi wakati wewe unaimba, kisha wewe uvute wakati yeye anaimba. Msikilizaji hatajua.

Ukiona kizunguzungu, acha. Kaa chini, pumua kama kawaida. Mwenye pumu aulize kwanza zahanati.

Sasa sikiliza jambo lililotupata. Tulifanya zoezi la "sss" kila Jumamosi, na kila mtu aliandika hesabu yake katika daftari. Baada ya mwezi mmoja karibu wote walipanda. Mwenzetu mmoja alishuka. Alianza na 9, akafika 7, kisha 5. Alikuwa anakohoa. Alisema ni vumbi la mpunga. Sisi nasi tulikubali, kwa sababu tulihitaji sauti yake.

Bibi yule alilitazama daftari. Akasema, "Vumbi huisha likioshwa. Hili haliishi." Tulimsindikiza zahanati. Makohozi yake yalipimwa. Ilikuwa kifua kikuu. Alitumia dawa miezi 6 bila kukosa siku. Dawa hizo hutolewa bure. Sisi tuliokuwa tukiimba naye tulipimwa pia, maana ugonjwa huu husambaa kwa hewa, na chumba chetu kilikuwa kimefungwa madirisha. Leo madirisha yako wazi. Mwenzetu amerudi, na juma lililopita alifika 14.

Ndugu msomaji, ukiimba, jifunze kuitunza pumzi. Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, usiseme ni vumbi. Nenda ukapimwe. Kwaya inaweza kukungoja. Ugonjwa haungoji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Unapovuta hewa, ni kipi kinachopanda, tumbo au mabega?
2. Katika wimbo wenu, mnavuta pumzi mahali gani?
3. Je, yuko mtu katika kikundi chenu anayekohoa kwa muda mrefu? Mmemsaidiaje?

Tukutane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kukausha mahindi.

Ni mimi Bwana Shamba wenu.